Bahasha ya Chuo

Kwetu Majengo neno chuo lilikuwa na maana moja. Chuo kilikuwa kwa Maalim, nyuma ya msikiti: mikeka, juzuu zilizochakaa, na sauti za watoto zikipanda na kushuka asubuhi nzima. Ndugu yangu Idarusi alipopata nafasi ya kusomea ujenzi upande wa pili wa mji, mimi na yeye tukaanza kusema kule nako ni chuo. Mama hakukubali. Kwake kule kulikuwa skuli kubwa.

"Chuo ni cha Mungu," alisema. "Huko kwenu mnafundishwa kuchanganya saruji."

Tulicheka. Yaliyotupata yalianzia kwenye neno hilo.

Idarusi alinizidi miaka miwili. Baba yetu, Mzee Kombo, alifariki nikiwa darasa la nne, na Mama, Bi Salme kwa majirani, alitulea kwa mahamri na kwa kodi ya chumba cha mbele alichokaa Habibo, mjane wa Kisomali aliyeuza vitambaa Gikomba. Mwaka huo, 1979, mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nakaa nyumbani nikingoja kazi. Nilichokuwa nacho ni mwandiko mzuri.

Kule chuoni kulikuwa na umoja wa wanafunzi ulioitwa Utetezi. Kazi yake ilikuwa kumsemea mwanafunzi mbele ya wakubwa: aliyefukuzwa bwenini, aliyekosa mtihani kwa ugonjwa, aliyenyimwa barua yake. Ulikuwa na chumba kimoja, taipureta, na karani mstaafu wa mahakama aliyejua sheria kuliko walimu. Vyote hivyo viliishi kwa ada ya shilingi tano ambayo kila mwanafunzi alitozwa pamoja na karo, apende asipende. Idarusi alikuwa katibu. Muhula wake wa kwanza, barua ya ufadhili wake ilipochelewa, aliambiwa afunge begi. Yule karani alikwenda naye ofisini, akasema kwa dakika kumi, na begi likafunguliwa.

"Dakika kumi, Muhiba," aliniambia mara nyingi. "Mimi niko pale kwa sababu ya dakika kumi."

Aliyeipinga ada hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa rafiki yake mkubwa, Naftaly Irungu, mtoto wa fundi viatu wa Shauri Moyo. Jumamosi alikuja kwetu, wakakaa barazani wakagombana mpaka adhana.

"Niaje, Bwana Shilingi za Watu," Naftaly alisema akivuta kiti.

"Karibu, mpinzani. Kuna mahamri, ingawa hukuulizwa kama unayataka."

"Unaona sasa? Mahamri naweza kuyakataa. Ada yako siwezi."

"Yakatae basi, tuone."

Naftaly alikwisha kutia moja mdomoni. "Mimi sisemi Utetezi ni mbaya. Nasema niulizwe. Baba anapiga misumari kwenye soli za watu tangu alfajiri, halafu shilingi tano yake inakwenda kumtetea mtu asiyemjua."

"Mtu gani? Teresiah Wangu? Unamjua vizuri sana. Ulikuwa unakaa nyuma yake darasani."

"Namjua. Ningempa kumi kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini nimpe mimi."

"Na yule asiye na rafiki nyuma yake darasani?"

Naftaly alitafuna pole pole. "Ida, wewe ungekuwa askari. Unauliza swali wakati mtu ana kitu mdomoni."

Teresiah Wangu alikuwa amefukuzwa kwa sababu alipata mimba. Mwenziwe aliyehusika alikuwa bado anakwenda darasani kila siku. Utetezi ulikuwa umeomba shauri lake lisikilizwe, na wakubwa wakampa tarehe, Januari; mpaka siku hiyo jina lake lilibaki kwenye daftari la chuo. Yule karani mstaafu ndiye aliyekuwa amwakilishe.

Mwezi wa Julai wakubwa wa chuo walichoka na makelele ya pande zote mbili. Wakaweka sharti. Wanafunzi mia tatu waandike majina na kutia sahihi kwamba wanaitaka ada, na orodha ifike ofisini Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikifika, ada itadumu mwaka mzima. Upande wa kina Naftaly nao wakapata walichotaka: aliyetia sahihi angeweza kujitoa wakati wowote, na majina yakipungua mia tatu, ada imekwisha. Lakini baada ya Ijumaa ile hakuna jina jipya. Mlango wa kutoka uliachwa wazi, wa kuingia ukafungwa.

Mimi ndiye niliyeipanga orodha. Nilipiga mistari kwa rula, nikaandika majina kwa wino mweusi, na Idarusi akazunguka nayo mabwenini siku tisa. Jina lake nililiweka la kwanza kwa kuwa alikuwa katibu. Jumatano jioni alirudi viatu vimejaa vumbi akaniambia, "Mia tatu. Kamili. Hakuna hata mmoja wa akiba." Tukaitia kwenye bahasha ya kaki. Nikaandika juu yake kwa herufi kubwa, CHUO, nikaiweka juu ya kabati.

Pembeni yake kulikuwa na bahasha nyingine ya kaki isiyoandikwa kitu. Hiyo ilikuwa ya Mama. Kila Shaabani tulisoma hitima ya marehemu wetu, na kila mwaka Mama alinitajia majina nikayaandika: Baba, babu, bibi, shangazi waliozikwa Lamu na wale waliozikwa Kariokor. Maalim aliyasoma katika dua. Mama hakujua herufi za Kizungu, lakini majina yale na mpangilio wake alivijua kwa moyo.

Hitima ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Wanaume walijaa uani na barazani, sisi wanawake tulikuwa ndani nyuma ya pazia. Nilikuwa na masufuria. Juzuu zilipomalizika nikasikia Mama akimwambia Habibo, "Mwanangu, juu ya kabati pana bahasha ya chuo. Mpelekee Maalim."

Nilisikia. Mikono yangu ilikuwa ndani ya wali. Neno lilipita masikioni mwangu kama lilivyopita kila siku, na sikulishika. Habibo alijua kusoma. Alichukua bahasha iliyoandikwa CHUO.

Maalim alikuwa na sauti nzito na macho mabovu. Aliisogeza karatasi puani, akamshukuru Mungu, akaanza kuwaombea waliotangulia.

"Idarusi Kombo."

Nje watu wakaitikia. Babu yetu naye aliitwa Idarusi, hakuna aliyeshtuka. Ndugu yangu alikuwa palepale mlangoni na birika la kahawa, na nilimwona kupitia pazia akiinua macho.

"Kahin Magan."

Wakaitikia. Kahin alikuwa mwanafunzi mwenzake Idarusi, mtoto wa Eastleigh, mzima wa afya, mcheza mpira.

"Tere... Teresiah wangu." Maalim aliisogeza karatasi karibu zaidi. "Teresiah wangu?"

"Wako, Maalim?" mzee mmoja akauliza. "Na mama watoto anajua?"

Ua mzima ukacheka. Idarusi alicheka mpaka birika likamwaga kahawa. Maalim mwenyewe alicheka, akaikunja karatasi, akaomba dua ya jumla kwa wafu wote, na watu wakala wali wao.

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa wima na kanga mdomoni. Nikajua ameshaelewa. Alingoja jina la Baba liwe la kwanza, kama alivyonitajia mwenyewe, akasikia la mwanawe.

Watu walipoondoka alimwita Maalim ndani.

"Mama Idarusi, ni bahasha tu," Maalim alisema. "Mungu hadanganywi na bahasha. Anawajua walio hai na waliokufa."

"Mungu anajua. Na ile karatasi je? Imeombewa dua ya wafu, Maalim. Watu thelathini wameitikia."

"Kama moyo wako hautulii, toa sadaka."

"Nitatoa. Lakini jina la mwanangu halitalala humo."

Maalim alipokwenda, Mama alimgeukia Idarusi. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu kwa sauti ile. "Mwanangu, toa jina lako kwenye karatasi hiyo. Mimi sijui mambo ya ada yenu. Toa jina lako tu."

Idarusi aliitazama ile karatasi. Nilijua anachohesabu. Halafu akasema, "Haya, Mama. Muhiba alifute. Kesho asubuhi nitatafuta mtu wa kujaza pengo."

"Utampata?" nikamuuliza.

"Nitampata. Lifute, Muhiba." Akachukua kofia akaenda kuswali magharibi.

Nilijua hatampata. Alikwisha kugonga kila mlango kwa siku tisa. Waliobaki walikuwa watu wa Naftaly, au waoga, au wale wasiojali.

Mama alisimama juu yangu. "Nataka nione."

Nikaitoa orodha. Nikaweka rula. Mama alikuwa akitazama ncha ya kalamu kama mtu anayetazama sindano. Nikapiga mstari mmoja mweusi, mnyoofu, chini ya kichwa cha habari, juu kidogo ya jina la ndugu yangu. Mstari ulionekana kama mapambo.

"Limefutika?"

"Limefutika, Mama."

Akashusha pumzi, akanishika kichwa, akaniombea. Mikono yake ilinuka iliki.

Ijumaa asubuhi Idarusi aliondoka mapema na bahasha ile bila kuifungua. Baadaye alinisimulia yote. Alimwendea hata Naftaly. Alimwambia habari ya hitima, na Naftaly alicheka sana, akamwambia, "Sasa wewe umeshasomewa, huna haja ya ada. Maiti halipi." Kisha akaacha kucheka. "Nakupenda, Ida, lakini siwezi kutia sahihi kitu ninachokipinga. Ungekuwa wewe ungetia?" Idarusi akamwambia hapana, asingetia. Saa sita kasoro robo aliiweka orodha mezani kwa karani wa ofisi, tayari kujitetea kwa pengo la jina moja. Karani alihesabu kwa kidole. Mia tatu. Akagonga muhuri.

Alirudi baada ya swala ya Ijumaa. Nilikuwa nafua uani.

"Hukulifuta," alisema.

"Ungeshindwa."

"Ningeshindwa. Lakini nilimwahidi Mama." Hakupandisha sauti. Alichuchumaa kando ya beseni. "Jioni nitamwambia. Atakasirika kisha yatakwisha."

"Ukimwambia hatanisamehe. Nilipiga mstari mbele ya macho yake, Idarusi. Aliniombea."

Alichukua nguo moja akaikamua, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. "Basi," alisema. "Nanyamaza kwa ajili yako. Lakini siipendi."

Akanyamaza.

Oktoba alishikwa na homa Jumamosi. Jumatatu shingo yake ilikuwa haikunjiki. Tulimpeleka hospitali, na Jumanne asubuhi, kabla ya saa nne, alifariki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Sitaki kuandika sana juu ya siku zile. Nakumbuka viatu vya wanafunzi mlangoni, vingi mno. Nakumbuka Habibo amekaa chini, kando ya kabati, kichwa kwenye magoti, akisema, "Mimi ndiye niliyeichukua, mimi ndiye niliyeichukua," na Mama akimpapasa mgongo. "Nyamaza, mwanangu. Tuliliondoa jina. Si ile karatasi. Ni siku yake ilifika." Kila aliyekuja kumpa pole na kunong'ona juu ya hitima ile, Mama alimjibu hivyo. Tuliliondoa. Muhiba aliliondoa, nilimwona. Alikuwa ameegemea mstari wangu kama mtu anavyoegemea ukuta.

Mimi nilisoma sayansi shuleni. Nilijua homa ile inatoka wapi. Lakini nilipobaki peke yangu jikoni nilimsikia Maalim. Alianza na Idarusi Kombo, akaja kwa Kahin Magan, akafika kwa Teresiah Wangu, na pale ambapo siku ile watu walicheka, sasa hakuna aliyecheka. Aliendelea. Alisoma jina la nne, la tano, yote kwa mpangilio niliouandika, na watu wasioonekana wakaitikia kila jina. Nilipochota maji aliendelea. Nilipokuna nazi aliendelea. Alikuwa akifika mia tatu, kisha anarudi mwanzo.

Siku ya arobaini Naftaly alikuja. Alikuwa amekonda, amevaa koti la baba yake. Dua ilipomalizika alibaki, akaomba kumwamkia Mama. Tukakaa watatu ndani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula." Alizungusha kofia mikononi. "Nimekuja na neno moja, nilidhani litakufariji. Chuoni tunamkumbuka. Jina lake liko pale ofisini, kwenye ubao wa kioo, la kwanza kabisa. Kila anayepita analisoma."

Mama aliuliza taratibu, "Jina gani?"

"Lake, Mama. Kwenye orodha ya ada. Wenzangu walitaka liondolewe, wanasema marehemu hawezi kuhesabiwa. Ofisi ikasema hapana, ni jamaa zake tu wanaoweza kulitoa. Na mimi nikawaambia wenzangu, mwacheni. Siwezi kumshinda rafiki yangu kwa sababu amekufa."

Alikuwa analia. Hakuona uso wa Mama.

Mama alinigeukia mimi. "Muhiba. Uliniambia limefutika."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa machache na yote niliyajua. Niliangalia mkeka.

"Aliniomba niliache, Mama," nikasema. "Alisema nikudanganye."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka zima, halikukwama popote.

Mama alikaa akitazama pazia la chumba chake Idarusi. Nilidhani atalia. Hakulia. Uso wake ulifungika kama mlango wa mtu aliyehama.

"Kumbe alijua," alisema mwishoni. "Nilimwomba, akaniitikia mbele yangu, na nyuma yangu akafanya lake."

"Mama," Naftaly alisema, "pengine..."

"Likitolewa hilo jina, itakuwaje?"

Naftaly alifuta macho kwa kofia. "Yatabaki mia mbili tisini na tisa. Ada itaanguka. Utetezi utafungwa."

"Sisi ndio jamaa zake. Nenda kalitoe."

"Mama, mimi ndiye niliyeipinga. Nikilitoa mimi, watu watasema nini? Na yeye aliipigania ada hiyo..."

"Nani mwingine nimtume? Wewe ni rafiki yake. Sitaki mwanangu asomwe na kila apitaye. Ameshasomwa ya kutosha." Kisha akaniambia, "Lete karatasi. Andika, mimi nitatia dole."

Niliandika barua ile. Mistari mitano, kwa mwandiko uleule. Mama alichovya kidole gumba kwenye wino akakibonyeza chini. Mara mbili Naftaly alinitazama, na mara ya pili nilijua kwamba amejua. Alikuwa amemwona Idarusi asubuhi ile ya Ijumaa akihangaika kutafuta mtu wa mia tatu. Mtu aliyeomba jina lake libaki hahangaiki hivyo.

Nilimsindikiza mpaka kona ya msikiti.

"Muhiba, hebu rudi umwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi nitamwambia mama mfiwa kwamba bintiye ni mwongo?" Aliitazama barua. "Siku zote nilitaka kushinda hii ada. Si namna hii."

"Basi usiipeleke."

"Amenituma," alisema. "Ningekuwa na mama aliyenituma siku kama hii, ningetaka mtu aende."

Akaipeleka. Ada iliondolewa mwisho wa muhula. Chumba cha Utetezi kikafungwa, taipureta ikauzwa, yule karani mstaafu akarudi kwao. Januari shauri la Teresiah Wangu lilisikilizwa. Alisimama peke yake na mtoto mgongoni, na Naftaly, ambaye hakujua sheria, alisimama nyuma yake akajaribu kusema. Alipewa dakika tatu. Teresiah hakurudishwa.

Mama aliishi miaka minane zaidi. Aliniridhia katika mambo yote. Mimi ndiye mtoto aliyembakia, nami nilimtunza. Lakini kwa Idarusi alikaza moyo. Wageni walipomtaja alisema, "Mungu amrehemu," akabadilisha maneno. Kabla ya siku ile alizoea kumsomea Yasini kila Alhamisi, akilia kwa sauti. Baada ya siku ile aliisoma kimya, haraka, kama mtu anayelipa kitu ili asidaiwe. Mara moja tu, mwaka wa mwisho, akiwa mgonjwa, aliniuliza, "Alikuwa na haja gani ya kunidanganya mimi? Angeniambia tu hapana."

Nilikuwa namlisha uji. Nilimfuta kidevu.

"Sijui, Mama," nikasema.